Mkonge na Mkongo: Jinsi Vyuo Vikuu Vinavyotumia Kompyuta kwa Ushirika

Muhula uliopita nilikuwa nikiwafundisha Kidato cha Tatu habari za mwanga, na jinsi unavyopita ndani ya kioo. Mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza swali ambalo sikuwahi kulijibu lote kabla ya kengele kulia. Alisema: "Mwalimu, umetuambia kwamba uzi wa kioo unaweza kuchukua habari kutoka Dar es Salaam mpaka Arusha. Lakini kila chuo kikuu kina kompyuta zake. Kwa nini basi kijisumbue kujiunga na kompyuta za chuo kingine?"

Nilimwahidi kwamba nitalijibu katika gazeti letu la shule. Na kwa kuwa gazeti hili husomwa na wazazi pia, nimejaribu kueleza kwa njia ambayo hata mzazi asiyepata kugusa kompyuta ataweza kuifuata. Nitaanza na jambo ambalo watu wa Handeni na Korogwe wanalijua vizuri kuliko mimi, nalo ni mkonge.

KORONA NA RELI YAKE

Wengi wetu tuna babu na baba waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge, na wengine wangali wanafanya. Mmea huu si wa asili ya kwetu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf. Miche mingi ilikufa njiani, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yakaenea mashamba makubwa ya Tanga.

Aliyewahi kuingia kiwandani anaijua korona, yaani ule mtambo mkubwa unaoponda majani ya mkonge na kuyakwangua mpaka zibaki singa nyeupe. Katika kila kilo 100 za majani mabichi, singa kavu ni kama kilo 4 hivi. Yote yaliyobaki ni maji na makapi.

Sasa tufikiri. Je, mkulima mwenye ekari tano za mkonge anaweza kununua korona yake mwenyewe? Hawezi. Na hata kama angeweza, ingefanya kazi siku chache tu katika mwaka, kisha ingesimama na kushika kutu. Kwa hiyo wakulima wengi hupeleka majani yao kwenye korona moja. Lakini hapo pana sharti: lazima iwepo njia ya kuyafikisha. Jani la mkonge likiisha kukatwa halingoji. Likikaa siku nyingi hukauka, na singa zake hazitoki vizuri. Ndiyo sababu wenye mashamba ya zamani walitandaza reli ndogo katikati ya mkonge, ili matroli yafike upesi kiwandani.

Korona isiyo na njia ya kuletea majani ni chuma kitupu. Na njia isiyokuwa na korona mwisho wake haimsaidii mkulima. Kimoja hakifai bila ya kingine.

Basi, kompyuta kubwa ya utafiti ndiyo korona. Habari ambazo watafiti hukusanya, yaani data, ndizo majani. Na mtandao unaounganisha vyuo ndio reli. Mwanafunzi akishika mfano huu, nusu ya somo ameishika.

KOMPYUTA KUBWA NI KITU GANI?

Kompyuta ya mezani ina prosesa moja, nayo ndiyo sehemu inayofanya hesabu. Kompyuta kubwa si kitu cha namna nyingine. Ni maelfu ya prosesa zilizofungwa pamoja, zikagawana hesabu moja kama watu wanavyogawana shamba katika kazi ya kualikana. Mfano ni mtambo ulioitwa Ranger, uliowashwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Texas, Marekani. Ulikuwa na prosesa 15,744, na kila prosesa ilikuwa na viini vinne vya kufanyia hesabu. Jumla viini 62,976. Hesabu ambayo ingeichukua kompyuta ya mezani miaka mingi, mtambo ule uliweza kuimaliza kwa saa au siku chache.

Mitambo ya namna hii hula umeme mwingi, na hutoa joto jingi ambalo lazima lipozwe mchana na usiku. Tena huzeeka upesi. Ranger ulizimwa mwaka 2013, baada ya miaka mitano tu. Hata hivyo haukutupwa. Sehemu zake zilifungwa na kusafirishwa mpaka Afrika Kusini, ili zigawiwe vyuo vya huko na vya Tanzania na Botswana viweze kufundishia watu kazi hii. Nasi hapa nchini, katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia iliyoko Arusha, uliwekwa mtambo uitwao PARAM Kilimanjaro, kwa ushirikiano na India.

Ni dhahiri kwamba nchi haiwezi kuweka mtambo kama huo katika kila kampasi. Yafaa uwe mmoja au miwili, na mtafiti aliye Morogoro, Dodoma au Mbeya autumie akiwa palepale alipo. Ndipo inapohitajika reli.

NILIYOYAONA MWENYEWE

Kabla sijaendelea, napenda kusimulia jambo lililonipata mimi, maana ndilo lililonifanya nilipende somo hili.

Mwaka 2007, baada ya kumaliza Kidato cha Sita, nilipata kibarua cha ukarani katika utafiti mmoja wa malaria. Tulipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya wilaya yetu. Tulimtoboa mtoto kidole, tukachukua tone la damu katika karatasi, tukamwuliza mama yake kama wanalala ndani ya chandarua. Usiku, jenereta ikiwashwa, mimi niliyaingiza majibu yote katika kompyuta.

Hapakuwa na njia ya kuyapeleka majibu hayo Dar es Salaam kwa waya. Kila baada ya wiki mbili nilinakili kazi yote katika diski, nikaifunga kwa karatasi, nikaipeleka mpaka Mkata na kuikabidhi kwa basi. Aprili ile mvua za masika zilikuwa kubwa. Basi lilinaswa katika maji mahali fulani njiani, na furushi langu lilikuwa limewekwa sakafuni. Diski ilipofika Dar es Salaam haikusomeka tena.

Mtu atauliza: Je, hukubakiza nakala? Hapo ndipo penye kosa langu. Kompyuta yetu ilikuwa ndogo, na nafasi yake ilikuwa imejaa. Basi nilipoona furushi limepakiwa katika basi, niliifuta ile kazi, nikidhani imekwisha kufika. Karatasi za madodoso tulizipata baadhi tu, na kwa kijiji kimoja hatukupata hata moja. Ripoti ilipotoka, kijiji kile hakikuwamo.

Miezi michache baadaye nilipita huko kwa shughuli nyingine. Nilimkuta bibi mmoja akianika mahindi. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Alinitazama akanitambua. Kisha akasema: "Ile damu ya mjukuu wangu mliyoichukua, majibu yake yamekuja?"

Nilimwambia kwamba yako njiani. Nilimdanganya. Hayakuwa njiani, yalikuwa yamepotea, nami nilijua. Tangu siku ile nimeelewa kwamba mtu anapotoa habari zake kwa mtafiti, anatoa kitu cha thamani, naye ana haki ya kuona kimefika, kimefanyiwa kazi, na jibu limerudi.

TANGU SETELAITI MPAKA MKONGO

Wakati huo hata vyuo vikuu vyenyewe havikuwa na hali nzuri sana. Pwani yetu yote ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini, na habari za kwenda ng'ambo zilipitia setelaiti. Hebu tufanye hesabu ndogo. Setelaiti ya mawasiliano ya aina ile hukaa kama kilomita 36,000 juu ya ardhi. Habari hupanda kilomita 36,000 na kushuka 36,000, jumla 72,000. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo safari moja ni sekunde 0.24, na swali pamoja na jibu lake ni karibu nusu sekunde. Nusu sekunde si kitu kwa mtu anayeandika barua, lakini kwa kompyuta mbili zinazoulizana maswali elfu kwa mfululizo ni muda mrefu mno. Tena setelaiti ilikuwa ghali, na chuo kizima kiliweza kugawana njia nyembamba isiyotosha hata darasa moja la leo.

Mabadiliko yalikuja Julai 2009, mkongo wa baharini uitwao SEACOM ulipoanza kazi na kufika Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka uliofuata, 2010, ukaja mwingine uitwao EASSy. Na nchini mwetu Serikali ilianza mwaka 2009 kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao sasa una urefu wa zaidi ya kilomita 7,000 na umefika mikoani pote.

Mwanafunzi asichanganye maneno haya mawili. Mkonge ni mmea. Mkongo ni kamba ya nyuzi. Lakini yanafanana kwa jambo moja: ndani ya jani la mkonge mna singa nyingi nyembamba zilizolala pamoja, na ndani ya mkongo mna nyuzi nyingi za kioo, kila moja nyembamba karibu kama unywele. Mwanga huingizwa upande mmoja wa uzi. Kila unapogonga ukingo wa kioo kwa ulalo hurudi ndani badala ya kutoka nje, na hivyo huendelea mpaka mwisho, hata uzi ukipinda. Taa huwaka na kuzima mara mamilioni mengi kwa sekunde, na huko kuwaka na kuzima ndiko huwa maandishi, picha na hesabu. Ndani ya kioo mwanga huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa uzi wa kilomita 600 hiyo ni elfu tatu za sekunde tu, yaani sekunde 0.003.

VYUO VYAUNGANA

Kushirikiana kwa vyuo si jambo jipya katika nchi zetu. Toka mwaka 1963 mpaka 1970 kilikuwapo Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Nchi tatu hazikuweza kila moja kujenga kila kitivo, kwa hiyo ziligawana. Mwanafunzi wa udaktari alikwenda Makerere, wa uhandisi Nairobi, wa sheria Dar es Salaam. Wakati ule ilibidi mwanafunzi mwenyewe apande gari la moshi au basi kukifuata kile kilichokuwa cha ushirika. Leo mwanafunzi hukaa mahali pake, na kazi yake ndiyo inayosafiri.

Kenya ilitangulia: mtandao wake wa elimu, KENET, ulianzishwa mwaka 1999. Uganda ikaanzisha wake, RENU, mwaka 2006. Wa kwetu Tanzania huitwa TERNET, na huunganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti kwa kutumia Mkongo wa Taifa. Mwaka 2005 mitandao ya nchi tano, yaani Kenya, Malawi, Msumbiji, Rwanda na Afrika Kusini, iliunda umoja uitwao UbuntuNet Alliance, wenye ofisi yake Lilongwe, Malawi. Nchi nyingine, Tanzania ikiwamo, zikajiunga baadaye. Kuanzia 2011 mpango wa AfricaConnect, uliosaidiwa kwa fedha na Umoja wa Ulaya, uliuwezesha umoja huo kujenga njia zake na kuungana na GÉANT, mtandao wa utafiti wa Ulaya.

Njia yenyewe ni hii. Ndani ya kila kampasi mna waya zinazounganisha maabara, maktaba na ofisi. Waya zote hukutana kwenye chombo kiitwacho ruta, ambacho ni kama bawabu wa lango: hutazama kila kifurushi cha habari kinakwenda wapi na kukielekeza. Kutoka langoni uzi wa kioo hufika kwenye Mkongo wa Taifa, na mkongo huufikisha kwenye kituo cha makutano Dar es Salaam. Hapo vyuo vyote huonana. Kinachokwenda chuo kingine cha nchini hugeuka palepale. Kinachokwenda Nairobi, Kampala au Ulaya huendelea na safari.

Huenda jambo hili likaonekana dogo, lakini si dogo. Zamani, vyuo viwili vya mji mmoja vilipokuwa kila kimoja na setelaiti yake, barua ya mwalimu kwa mwenzake wa mtaa wa pili iliweza kuzunguka mpaka Ulaya au Marekani ndipo irudi. Ni kama mtu wa Kwamsisi kumpelekea jirani yake salamu kwa kupitia London, na kulipa nauli ya kwenda na kurudi.

HESABU YA SAFARI

Tuseme mtafiti ana data ya terabaiti moja. Terabaiti moja ni gigabaiti 1,000, na ikigeuzwa kuwa megabiti ni 8,000,000. Je, itachukua muda gani kuifikisha kwenye kompyuta kubwa iliyoko Arusha?

Kwa njia ya megabiti 2 kwa sekunde: 8,000,000 ÷ 2 = sekunde 4,000,000, yaani zaidi ya siku 46.

Kwa njia ya megabiti 100 kwa sekunde: sekunde 80,000, yaani kama saa 22.

Kwa njia ya gigabiti moja, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde: sekunde 8,000, yaani saa 2, dakika 13 na sekunde 20.

Sasa tuligeuze swali. Kama diski ya terabaiti moja ikipanda basi Dar es Salaam na kufika Arusha baada ya saa 10, hizo ni sekunde 36,000. Gawanya 8,000,000 kwa 36,000, utapata kama megabiti 222 kwa sekunde. Naam, basi lilikuwa na mbio kuliko waya wa zamani mara mia na zaidi! Kwa hiyo sisi tuliotuma diski kwa basi mwaka 2007 hatukuwa wajinga. Tulitumia reli iliyokuwapo. Lakini basi haliwezi kusema "sijapata, tuma tena." Mtandao unaweza, nao hufanya hivyo kila kifurushi kikipotea njiani. Tena basi halimwezeshi mtafiti kuona hesabu yake inavyokwenda, akagundua kosa saa ile ile na kulisahihisha. Na muhimu kuliko yote, mtandao huacha nakala ya kwanza mahali pake mpaka ya pili ithibitishwe, ikiwa mwenye kazi hana haraka ya kufuta kama niliyokuwa nayo mimi.

KAZI ILIYO KARIBU NASI

Mtu asidhani kwamba hesabu kubwa ni za mambo ya mbali kama nyota tu. Majani ya korona hii yanakatwa hapa hapa kwetu.

Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, kwa watoto zaidi ya 15,000. Katika Tanzania vituo vilikuwa viwili: Bagamoyo, na cha pili ni jirani yetu Korogwe. Habari za kila mtoto, homa yake na vipimo vyake, zilipaswa kuandikwa kwa namna moja katika vituo vyote na kukusanywa pamoja, maana kituo kimoja peke yake kisingeweza kutoa jibu la kuaminika. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike. Watoto wa Korogwe wamo katika jibu hilo.

Kazi nyingine ni ya kumsoma kimelea mwenyewe. Kimelea cha malaria kina maandishi yake ya urithi, yaliyosomwa yote kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Yana herufi kama milioni 23, nayo yamegawanyika katika kromosomu 14. Ili kuhakikisha hakuna kosa, yafaa kila herufi isomwe mara nyingi. Tuseme mara 50. Basi, tone moja la damu linatoa herufi milioni 1,150, na matone elfu moja yanatoa mara elfu ya hizo. Hakuna mtu atakayezisoma kwa macho, na kompyuta ya mezani itachoka mapema.

Na wanatafuta nini humo? Wanatafuta mabadiliko ya herufi chache tu yanayomwezesha kimelea kuvumilia dawa. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) wamekwisha kupata mkoani Kagera vimelea vyenye badiliko linalovipa uvumilivu kwa artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya dawa ya mseto tunayopewa zahanati. Badiliko lenyewe huitwa R561H. Hii ni habari ya kutahadharisha, na yapasa ijulikane mapema. Kumbuka zile kilo 4 za singa katika kilo 100 za majani: hapa pia, katika mlima wa herufi tunatafuta kidogo kilicho na maana. Kama korona iko mbali na njia ni mbovu, jibu litachelewa, na kimelea hakingoji.

Kwa miaka mingi majani yetu yalikatwa hapa, yakasagwa ng'ambo, na singa tukauziwa. Simaanishi mkonge tu. Damu ilichukuliwa kijijini, hesabu zikafanywa Ulaya au Marekani, na sisi tukasoma matokeo katika vitabu vyao, kama tuliweza kuvinunua. Sisemi kwamba waliofanya hivyo walikuwa na nia mbaya; mara nyingi hapakuwa na mahali pengine pa kufanyia hesabu hizo. Lakini sasa kampasi ya Muhimbili inaweza kufanya kazi pamoja na wenzao wa Nairobi, Kampala na Cape Town, kila mmoja akiwa na data yake mkononi na wote wakitumia vyombo vya ushirika. Tofauti iliyopo ni hii: anayefanya hesabu ndiye anayeuliza swali linalofuata. Na mtu wa kwetu atauliza maswali ya kwetu.

MKONGO PEKE YAKE HAUTOSHI

Nisipoyasema haya nitakuwa nimewadanganya wasomaji, na nimekwisha kueleza kwamba nilipata kudanganya mara moja.

Kwanza, mkongo ukipita kando ya barabara kuu haumaanishi umefika maabara. Kipande cha mwisho, kutoka barabarani mpaka langoni na kutoka langoni mpaka mezani, ndicho husahauliwa. Chuo kikiwa na njia pana nje na waya mbovu ndani, mtafiti wake atapata wembamba ule ule. Mto hupimwa kwa mahali pake pembamba.

Pili, umeme. Hesabu ya siku tatu ikikatwa siku ya pili bila kuhifadhiwa, huanza upya.

Tatu, ada. Ushirika hauendi kwa maneno. Tuseme njia moja ya pamoja ina gharama ya shilingi milioni 240 kwa mwaka, na vyuo ni 20: kila kimoja kitatoa milioni 12. Vinane visipolipa, waliobaki 12 watatakiwa kutoa milioni 20 kila mmoja, nao watachoka. Ni mambo yale yale ya chama cha ushirika cha kijijini.

Nne, tena ndilo kubwa, ni watu. Korona inahitaji fundi anayejua sauti yake. Kompyuta kubwa nayo inahitaji mtu anayejua kuigawia kazi, kuilinda, na kumwonyesha mtafiti jinsi ya kuandika programu inayotumia viini elfu badala ya kimoja. Mtambo unaweza kuletwa kwa meli. Mtu huyo hapatikani hivyo. Lazima afundishwe tangu hesabu za Kidato cha Kwanza.

YATUHUSU NINI SISI WA KWAMSISI?

Mzazi mmoja aliyesikia kwamba naandika makala haya aliniambia: "Mwalimu, hayo ni ya Dar es Salaam. Sisi hapa tunataka mvua na bei ya mahindi." Nilimjibu kwamba mvua ni mojawapo ya hesabu kubwa kabisa duniani. Utabiri wa hali ya hewa hutolewa kwa kuigawa anga katika mamilioni ya vyumba, na kukadiria joto, upepo na unyevu wa kila chumba, dakika kwa dakika. Kadiri vyumba vinavyokuwa vidogo, ndivyo utabiri unavyokaribia shamba la mtu, na ndivyo hesabu inavyokua. Naye akacheka, akasema kumbe hata yeye anaihitaji korona hiyo.

Kwa wanafunzi nina shauri moja la vitendo. Shule inaweza kuwa na kipimo cha mvua cha chupa na mpira wa rula. Tuanze kuandika kila asubuhi, saa tatu, milimita ngapi zimenyesha, bila kuruka siku. Tuandike katika daftari mbili, na daftari hizo zikae nyumba mbili mbalimbali. Data nzuri huanzia kwa mtu mwaminifu mwenye kalamu. Kompyuta kubwa ikipewa data mbovu hutoa jibu bovu kwa haraka zaidi.

Na kwa wale watakaofika chuo kikuu: siku mtakapokaa mbele ya kioo cha kompyuta Morogoro au Dodoma, mkatuma kazi yenu Arusha na kuona majibu yanarudi kabla chai haijapoa, mkumbuke kwamba mwanzo wa uzi ule uko kijijini, kwa mtu aliyekubali kutobolewa kidole. Bibi niliyemdanganya mwaka 2007 sikumkuta tena niliporudi kufundisha huku. Mjukuu wake nilimkuta, mzima, naye sasa ana mtoto wake. Nilimweleza habari ya diski ile na nikamwomba radhi. Aliniuliza kama siku hizi majibu yanafika. Nilimjibu kwamba njia ipo. Kinachobaki ni watu wa kuyarudisha.

MASWALI

1. Mtafiti ana gigabaiti 500 za data, na njia ya megabiti 20 kwa sekunde. Itachukua siku, saa, dakika na sekunde ngapi kuipeleka? (Gigabaiti moja ni megabiti 8,000.)

2. Uzi wa kioo una urefu wa kilomita 1,200. Mwanga utachukua sekunde ngapi kwenda na kurudi? Linganisha na setelaiti.

3. Vyuo 24 vinashiriki gharama ya shilingi milioni 360. Kila kimoja kitoe ngapi? Sita vikijitoa, waliobaki watatoa ngapi?

4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe: kwa nini korona bila reli haifai, na reli bila korona haifai?

5. Waulize wazee wa nyumbani: Je, walipata kuulizwa maswali na watafiti? Je, majibu yaliwarudia? Andika ukurasa mmoja.

Majibu yaletwe kwangu kabla ya kufunga shule. Yaliyo mazuri yatachapishwa katika toleo la muhula ujao.